Kitabu Kinachoinuka: Mwongozo Kamili wa Kutengeneza Picha za Karatasi Zinazosimama na Kusogea

Jahazi la kwanza nililotengeneza kwa karatasi lilisimama vizuri sana. Shida ilikuja nilipofunga kitabu: ncha ya tanga ilichomoza nje ya jalada kwa sentimita mbili nzima. Nilikuwa nimemwahidi mpwa wangu kitabu hicho siku ya Idi, ikabidi nichukue mkasi nikate kilichozidi. Jahazi likabaki na tanga lisilo na kichwa. Tangu siku hiyo napima kwanza kitabu kikiwa kimefungwa, ndipo nafikiria picha itasimamaje.

Hilo ndilo nataka ulishike tangu mwanzo. Kusimamisha karatasi si kazi kubwa. Kazi ni kuifanya ilale yote ndani ya kurasa bila kukunjamana, kisha isimame tena mara ya mia kama ilivyosimama mara ya kwanza. Katika mwongozo huu tutatengeneza kitabu kimoja chenye karatasi nne: kibanda cha makuti, jahazi linalomjia msomaji, ngalawa inayosogea ukivuta, na gurudumu la mwezi linaloonyesha bamvua na maji mafu. Ukimaliza hizo nne utakuwa umeshika misingi ya karibu kila kitabu cha popapu, yaani chenye picha zinazoinuka, utakachokutana nacho.

Vifaa

Kwa kurasa na vipande vinavyosimama, tafuta karatasi ya manila au kadi ya gramu 200 hivi. Karatasi ya fotokopi, ile ya gramu 80, inafaa kwa majaribio tu. Ikisimama inalegea kama nguo iliyoloa. Pata pia rula ya chuma, penseli, bikari, kipimapembe, mkasi mdogo, kisu cha kukatia karatasi chenye wembe mpya, na ubao au kadibodi nene ya kukatia juu yake. Wembe uliochakaa hauikati karatasi, huivuta na kuacha nyuzi. Kama unafanya kazi hii na watoto, mkasi uwe wao na kisu kiwe chako.

Gundi iwe ile nyeupe ya maji wanayotumia maseremala. Ipake kidogo sana kwa kipande cha kadi, kama unavyopaka siagi kwenye mkate wakati siagi imebaki kidogo. Ikizidi, maji yake huivimbisha karatasi na ukurasa hujikunja. Sisi wa pwani tuna tatizo la ziada: msimu wa masika hewa yenyewe ina maji, gundi inachelewa kukauka, na kadi iliyoachwa mezani usiku huamka imepinda. Hifadhi kadi zako ndani ya mfuko wa nailoni, na kila ulichobandika kiweke chini ya vitabu vizito kwa nusu saa kabla ya kuendelea.

Kifaa cha mwisho ni kalamu ya bairo iliyokwisha wino. Hiyo ndiyo itakayopiga mifuo. Kabla ya kukunja kadi, weka rula kwenye mstari, pitisha ncha ya kalamu hiyo ukikandamiza, ibaki alama ya mfereji mdogo. Kadi itakunjika hapohapo, imenyooka. Kadi iliyokunjwa bila mfuo huchagua njia yake, na mkunjo ukienda kombo kwa milimita mbili tu kwenye mgongo wa kitabu, juu ya tanga kosa hilo linakuwa sentimita nzima.

Kadi pia ina uelekeo wa nyuzi. Ipinde taratibu kwa mikono, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Upande unaopinda kwa urahisi ndio uliofuata nyuzi. Mkunjo mkuu wa ukurasa ufuate nyuzi hizo, la sivyo utapasuka juu kama rangi ya ukuta mkavu.

Zoezi la kwanza: ngazi ya karatasi moja

Kunja karatasi katikati. Kwenye ukingo uliokunjwa, kata mikato miwili inayokwenda sambamba, kila mmoja sentimita 4, ikiachana kwa sentimita 5. Kunja kile kipande kilicho kati ya mikato mbele na nyuma, fungua karatasi, kisha kisukume kwa ndani. Kurasa zikiwa zimesimamiana kama ukuta na sakafu, utaona ngazi imejitokeza. Bandika picha kwenye uso wake wa mbele, nayo itasimama.

Vojtěch Kubašta wa Praha, mchoraji aliyesomea usanifu majengo, alijenga mandhari nyingi kwa njia ya namna hii, karatasi ikikatwa na kukunjwa. Ina kikomo kimoja: ukifungua kurasa mpaka zilale chali kabisa, ngazi nayo inalala. Kwa hiyo inafaa kadi ya mwaliko au ya Idi, inayosimamishwa mezani ikiwa nusu wazi. Kwenye kitabu chetu hatutaiweka.

Lakini usiiache kabla hujajifunza hesabu yake. Funga karatasi na utazame picha imelala wapi. Imeanzia sentimita 4 kutoka kwenye mgongo, ikaelekea ukingoni kwa kiasi cha urefu wake. Kwa hiyo: umbali kutoka mgongoni, jumlisha urefu wa picha, usizidi upana wa ukurasa. Karatasi ya A4 iliyokunjwa katikati ina ukurasa wa sentimita 14.8. Ukiwa umekata sentimita 4, picha isizidi 10, ili ibaki nafasi kidogo ya usalama.

Karatasi ya kwanza: kibanda cha makuti

Hapa tunahitaji kitu kinachosimama kitabu kikiwa wazi kabisa. Umbo rahisi kuliko yote ni hema, nalo lina sura ya paa tayari.

Kata kadi yenye urefu wa sentimita 12 na upana wa 7. Piga mfuo katikati, na mwingine sentimita 1 kutoka kila ncha. Zile sentimita 1 za mwisho ni ndimi za gundi. Zikunje kwa ndani zisionekane. Umebaki na pande mbili za paa, kila mmoja sentimita 5. Kwenye karatasi ya msingi, piga mstari sentimita 3 kushoto kwa mgongo na mwingine sentimita 3 kulia. Hapo ndipo mikunjo ya ndimi itakapokaa.

Paa lenye pande za sentimita 5, lililotanuka sentimita 3 kila upande, litasimama sentimita 4 juu. Ni pembetatu ileile ya 3, 4 na 5 ambayo mafundi ujenzi hupimia pembe ya msingi wa nyumba. Kitabu kikifungwa, kilele cha paa kitafika sentimita 3 na 5, yaani 8 kutoka mgongoni. Kimo ndani.

Sasa namna ya kubandika, na hii utaitumia kila mara. Bandika ulimi wa kushoto peke yake kwenye mstari wake, uache ukauke. Kisha lilaze paa lote upande huohuo wa kushoto, likiwa limekunjwa bapa, ulimi wa kulia ukitazama juu. Upake gundi. Halafu funga kitabu juu yake na ukandamize. Ukurasa wa kulia utakuja wenyewe kuuchukua ulimi mahali unapotakiwa kukaa. Ukifungua, paa litainuka. Anayejaribu kubandika ndimi zote mbili kitabu kikiwa wazi, kwa kukisia kwa macho, atapata paa linalosimama vizuri na kukataa kulala. Mimi huwaambia wanafunzi wangu waache kitabu chenyewe kipange.

Makuti yachore kwa mistari mifupi ya kahawia, au kata ukingo wa paa kwa mkasi kama pindo la mkeka. Chini yake weka mtumbwi na nyavu. Hapa sikawii, kazi ngumu iko mbele.

Karatasi ya pili: jahazi

Weka karatasi mbele yako, mgongo ukitoka kifuani kwako kwenda mbele. Tutatumia mkunjo wa V: kipande chenye mkunjo mmoja katikati, kilichobandikwa kwa mshazari pande mbili za mgongo, ncha ya V ikikaa juu ya mgongo wenyewe. Fikiria jahazi linalokuja moja kwa moja kuelekea kwako. Omo iko mbele, mbavu mbili zinafunguka kwenda nyuma. Tayari una V. Ndiyo maana naona hakuna chombo kinachofaa kufundishia mkunjo huu kama jahazi.

Pima sentimita 11 kutoka ukingo ulio karibu nawe, weka nukta juu ya mgongo. Kwa kipimapembe, toa mstari wa nyuzi 45 kwenda mbele kushoto, na mwingine wa nyuzi 45 kwenda mbele kulia, kila mmoja sentimita 8. Hapo zitakaa mbavu. Weka nukta ya pili sentimita 14 kutoka ukingo uleule, ukarudie mistari ya nyuzi 45, safari hii sentimita 6. Hapo litakaa tanga.

Kata ubavu: kadi ya sentimita 16 kwa 5, ongeza sentimita 1 chini kwa ndimi. Piga mfuo katikati kutoka juu hadi chini; huo ndio omo. Chini, mfuo wa ndimi uwe umenyooka na ukutane na mfuo wa omo kwa nyuzi 90 kamili. Ukipanua pembe hiyo ikazidi 90, kipande kitainama mbele kuelekea ncha. Ukiipunguza, kitaegemea nyuma kuelekea ndani ya V. Ndimi zikate ziachane na omo kwa milimita 2 kila upande, na pembe zake zipunguze kwa mkasi, la sivyo zitagongana juu ya mgongo na kuzuia kitabu kufunga. Ukingo wa juu upandishe kidogo kwenye omo, maana jahazi lisiloinua omo linaonekana kama sanduku.

Tanga ni kadi ya sentimita 12 kwa 13, ongeza sentimita 1 chini kwa ndimi, na mfuo katikati. Ndani ya kipimo hicho chora pembetatu, foromali (mti unaobeba tanga) ikipanda kwa mshazari kutoka chini kulia hadi juu kushoto, kisha punguza kadi ya pembeni. Chini acha shina la kadi lenye upana wa kutosha ndimi, ubavu wa jahazi utalificha. Kwa sababu tanga limekunjwa katikati, likisimama hupinda nusu kwa nusu kama lililojaa upepo wa kusi. Hilo hulipangi, karatasi inakupa yenyewe.

Kabla ya gundi, fanya hesabu ya kufunga. Kipande cha V chenye nyuzi 45 kinapolala, huanguka upande ambao ncha ya V inaelekea, kwetu sisi kumwelekea msomaji. Chukua sehemu yoyote ya kipande. Pima iko mbali kiasi gani na mkunjo wa katikati, kisha pima iko juu kiasi gani kutoka chini. Jumlisha, zidisha kwa 0.7. Hilo ndilo umbali litakalofika kutoka mgongoni. Pembe ya juu ya tanga letu: 6 na 13 ni 19, mara 0.7 ni 13.3. Ukurasa una 14.8. Salama. Jahazi lile la mpwa wangu lilikuwa na tanga la 8 kwa 16: jumla 24, mara 0.7 ni 16.8. Sentimita 2 nje. Laiti ningeijua hesabu hii usiku ule.

Kwa kumwelekea msomaji, kilele cha sentimita 13 juu ya mkunjo kitashuka kwa 13 mara 0.7, yaani 9.1, na nukta ya tanga iko 14 kutoka ukingoni. Hapo pia tumo.

Bandika tanga kwanza, kisha mbavu, kwa njia ileile ya kuacha kitabu kipange. Ukitaka liwe imara zaidi, usibandike ndimi juu ya ukurasa. Kata ufa mwembamba kwenye mstari, pitisha ulimi, ubandike kwa nyuma. Mikono ya watoto itavuta tanga, hilo usilitilie shaka, na ulimi uliopita kwenye ufa hauchomoki.

Karatasi ya tatu: ngalawa inayosogea

Hapa tunatoka kwenye kuinuka na kuingia kwenye kuvuta. Lothar Meggendorfer wa München, aliyefariki mwaka 1925, alimfanya mtu wa karatasi atikise kichwa, ainue mkono na kuzungusha macho kwa kuvuta ulimi mmoja tu. Viungo alivishika kwa waya mwembamba wa shaba uliosokotwa kama konokono, uliofichwa kati ya karatasi mbili. Sisi tutaanza na mwendo mmoja.

Kwenye ukurasa wa kulia, kata ufa wa mlalo kuanzia sentimita 2 kutoka mgongoni hadi sentimita 11, upana wake milimita 4. Nyuma ya ukurasa kutakaa utepe wa kadi wenye urefu wa sentimita 15 na upana wa 2.5, ukitokeza nje ya ukingo kidogo uweze kushikwa. Kwenye ncha yake ya ndani, bandika juu yake kisiwa kidogo cha vipande viwili vya kadi vilivyopandana, milimita 3 kwa sentimita 1.5. Kisiwa kinapita kwenye ufa na kutokeza mbele. Ngalawa inabandikwa juu ya kisiwa, gundi isiguse ukurasa.

Nyuma, shikilia utepe kwa madaraja mawili: vipande vya sentimita 1.5 kwa 5 vilivyovuka juu ya utepe na kubandikwa ncha tu, ukingo wa daraja la kwanza ukianzia sentimita 9.5 kutoka mgongoni na la pili likiwa karibu na ukingo wa ukurasa. Unapobandika, ingiza kipande cha nailoni kati ya daraja na utepe ili gundi isivuje, ukitoe ikishakauka. Mwisho weka bega: kipande cha sentimita 4 kwa 0.8 kilichobandikwa kwa kukingama kwenye ncha ya ndani ya utepe, upande wa nyuma. Ukivuta, bega litagonga daraja kabla kisiwa hakijagonga mwisho wa ufa. Bila bega, mtoto atavuta mpaka ufa upasuke.

Karatasi ya nne: gurudumu la mwezi

Gurudumu ni kongwe kuliko popapu zote. Ramon Llull wa kisiwa cha Mallorca alilitumia kwenye maandishi yake tangu karne ya 13, na mwaka 1540 Petrus Apianus alichapa huko Ingolstadt, Ujerumani, kitabu kikubwa cha elimu ya nyota chenye magurudumu ambayo msomaji aliyazungusha kutafuta mahali pa sayari. Mvuvi wa kwetu hana haja ya kutafuta sayari. Anataka kujua mwezi na maji.

Kata duara lenye kipenyo cha sentimita 12. Ligawe vipande 8 kama chapati. Kila kipande kichoree mwezi karibu na ukingo: mwezi usioonekana, hilali, nusu, unaokaribia kupevuka, mpevu, kisha kurudi. Mzunguko wote ni siku 29 na nusu, hivyo kila kipande ni takriban siku 4. Chini ya mwezi usioonekana na ule mpevu andika *bamvua*. Chini ya nusu mbili andika *maji mafu*. Jua na mwezi vinapokaa kwenye mstari mmoja na dunia, vinavuta bahari kwa pamoja, maji yanajaa sana na kupwa sana. Kilele chake huja siku moja au mbili baadaye. Vinapokaa kwa pembe, nguvu zinagawanyika. Vipande vilivyobaki andika *maji yanakua* au *maji yanapungua*.

Katikati toboa tundu la sentimita 1.5. Kwenye ukurasa wa kulia, weka alama ya kitovu sentimita 8.8 kutoka mgongoni, ili ukingo wa gurudumu ulingane na ukingo wa ukurasa. Kata dirisha juu ya kitovu, lenye umbo la kipande cha chapati kilichokatwa ncha: pana juu, jembamba chini, kuanzia sentimita 2.3 hadi 5.7 kutoka kitovuni. Likiwa la mraba, maneno ya jirani yatachungulia. Kwenye ukingo wa ukurasa, usawa wa kitovu, kata nusu duara ya kutosha kidole gumba.

Kitovu chenyewe: kata visahani viwili vinavyoingia kwenye tundu kwa kulegea kidogo, vibandike nyuma ya ukurasa kimoja juu ya kingine, vivishe gurudumu uso ukitazama dirishani, kisha ubandike kisahani kikubwa cha sentimita 3 juu ya vile vidogo. Gundi iguse visahani tu. Lizungushe mara moja kila dakika chache wakati gundi inakauka.

Kuunganisha

Panga karatasi nne zikiwa zimekunjwa. Nyuma ya ukurasa wa kulia wa kwanza inabandikwa na nyuma ya ukurasa wa kushoto wa pili, na kuendelea. Kwenye ngalawa usipake gundi ukurasa mzima. Nilifanya hivyo mara moja na utepe ukaganda humo humo, kitabu kikawa hakifai. Weka kwanza fremu ya vipande vya kadi vya sentimita 1 kuzunguka kingo, uache wazi mahali utepe unapotokea, kisha bandika kwenye fremu. Nyuma ya gurudumu fanya vivyo hivyo, ukiacha nafasi ya kidole.

Jalada ni kadibodi mbili za sentimita 15.3 kwa 21.6, zilizounganishwa kwa kitambaa. Kipande cha kanga kuukuu kinafaa sana. Nafasi kati ya kadibodi hizo iwe sawa na unene wa kurasa zote zikiwa zimefungwa bila kukandamizwa. Ukipima huku umekandamiza, jalada litabana, na tanga litaanza kujikunja mahali pasipo na mfuo.

Kiache chini ya uzito usiku kucha. Asubuhi fungua na ufunge kila karatasi mara kumi, polepole, ukisikiliza. Mkwaruzo ni ulimi unaogusa mahali. Tafuta ni upi, upunguze pembe yake kwa mkasi mdogo, ujaribu tena.